Lubunga isisubiri miaka 22 kuulizwa inakumbuka nini

Fomu yoyote ya kudai fidia ya vita ina mstari wa tarehe. Tukio lilitokea siku gani, mwezi gani, saa ngapi? Ofisi haina kosa kuuliza hivyo, kwa sababu malipo lazima yajue nani aliumizwa na nani, na katika mapigano yapi. Lakini kwa namna ubongo wa binadamu unavyohifadhi mambo aliyoyapitia mwenyewe, mstari huo ndio ambao hata mtu mkweli anaweza kuukosea kwa urahisi.

Mjini Kisangani, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, jambo hili linagusa maisha ya watu. Linaweza kuamua nani atatambuliwa kuwa mwathiriwa na nani atarudi nyumbani mikono mitupu. Katika komini ya Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto Congo, machungu ya mwaka 2000 yameongezewa machungu mapya ya mwaka 2023. Huko bado kuna nafasi ya kuandika mambo vizuri kabla kumbukumbu hazijachakaa, ingawa nafasi hiyo inapungua kila mwezi.

Vita vitatu, mji mmoja

Kisangani ilipigwa mara tatu ndani ya miezi kumi. Agosti 1999, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Congo yakiwa washirika, yaligeuziana silaha ndani ya mji wa watu wengine. Yakarudia tarehe 5 Mei 2000. Kisha, kuanzia Jumatatu tarehe 5 Juni hadi Jumamosi tarehe 10 Juni 2000, yakapigana vita ambavyo wakazi wanaviita hadi leo Vita vya Siku Sita. Makombora yaliangukia nyumba, shule na makanisa, na hata Kanisa Kuu la Notre-Dame halikusalimika.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliotendwa Congo kati ya 1993 na 2003 inasema raia waliouawa katika siku hizo sita ni kati ya 244 na 760, kutegemea chanzo, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Pengo hilo la vifo si dogo. Ndani yake kuna watu zaidi ya 500 ambao kuhesabiwa kwao kunategemea ushuhuda wa nani ulisikilizwa na nani aliaminiwa.

Tarehe 16 Juni 2000, wiki moja tu baada ya mapigano, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1304 na kuzitaka Rwanda na Uganda zilipe fidia kwa maisha na mali zilizopotea Kisangani. Kesi dhidi ya Rwanda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliishia mwaka 2006, mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza. Ile ya Uganda ilifika mwisho. Hukumu ya kwanza ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325 kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka, kwa madhara yote iliyosababisha Congo wakati wa vita. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili.

Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo kubwa ni ushahidi. Majaji walikiri kwamba ni vigumu kukusanya nyaraka katikati ya vita, lakini waliona kuwa vyeti vya kifo, kumbukumbu za mazishi na karatasi za hospitali vilivyoletwa vilikuwa haba. Mwishowe walikadiria kiasi cha jumla.

Ili kugawa fedha hizo, serikali ya Congo ina mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Mfuko huo unapaswa kutambua mtu mmoja mmoja. Na kwa wengi, nyumba iliyoungua iliungua pamoja na karatasi zake. Kilichobaki ni kile ambacho mtu anakumbuka.

Ubongo haupigi picha

Watu wengi huamini kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa kabatini, ikihitajika inatolewa ilivyo. Sayansi ya karne iliyopita imeonyesha vingine.

Mwaka 1953, nchini Marekani, daktari wa upasuaji William Scoville alimfanyia operesheni kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kikali. Alimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kutunza jambo jipya lililompata. Mtafiti Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha upya kila walipokutana. Hata hivyo Molaison alikumbuka mambo mengi ya utoto wake, na aliweza kujifunza kazi mpya ya mikono bila kukumbuka kwamba aliwahi kufundishwa.

Kutokana na mgonjwa huyo, aliyefariki mwaka 2008, dunia ilijifunza mambo mawili. Kwanza, ubongo una aina kadhaa za kumbukumbu. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving alitenganisha kumbukumbu ya maarifa, kama kujua kwamba Kisangani iko kando ya mto Congo, na kumbukumbu ya tukio, kama kukumbuka siku ambayo mtu alivuka mto huo akikimbia risasi. Pili, hipokampasi inahitajika ili tukio liandikwe, lakini si ghala ambalo kila kitu hukaa milele.

Tukio moja hutawanywa sehemu nyingi za ubongo. Mlio wa kombora uko kwenye eneo la kusikia, sura ya mtoto aliyeanguka kwenye eneo la kuona, harufu ya moshi kwenye eneo lake. Hipokampasi hufunga vipande hivyo pamoja, na uhusiano kati ya seli za neva huimarika, hasa katika siku za mwanzo na wakati wa usingizi. Mtu anapokumbuka, ubongo huvikusanya vipande na kulijenga tukio upya. Palipo na tundu hujaziwa na kile ambacho mtu anakijua, alichosikia baadaye, au kile ambacho kwa kawaida hutokea.

Katika hofu kubwa, kiungo kingine kiitwacho amigdala, kikisaidiwa na homoni za mkazo, huusukuma ubongo uandike kwa nguvu zaidi kile kilicho katikati ya hatari. Aliyeelekezewa bunduki anaweza kuukumbuka mtutu kwa miaka 30 na asikumbuke uso wa aliyeushika. Anayekumbuka vipande vikali na kusahau vingine hajawa mwongo kwa hilo. Hivyo ndivyo ubongo ulioogopa unavyofanya kazi.

Mahali hukaa, tarehe hupotea

Mwaka 2014, John O'Keefe, May-Britt Moser na Edvard Moser walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua seli zinazouwezesha ubongo kujua uko wapi. Baadhi ya seli hizo ziko kwenye hipokampasi yenyewe, ambayo pia huunda kumbukumbu za matukio. Mahali ni sehemu ya msingi ya tukio linavyoandikwa.

Tarehe haiko hivyo. Hakuna mahali ndani ya ubongo ambapo tukio hupigwa muhuri wa siku na mwezi. Mtu akiulizwa tarehe, huikokotoa kwa kushika alama nyingine: ilikuwa kabla ya mitihani, mvua ilikuwa imeanza, mtoto wa pili alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo mama anayeweza kuonyesha kwa kidole mwembe alikojificha na mlango uliovunjwa anaweza kukosea mwezi, na yote mawili yakawa ukweli wake.

Kisangani ina mtego wake. Mapigano ya Mei yalikuwa tarehe 5, na yale ya Juni yalianza tarehe 5. Wapiganaji walikuwa walewale, milio ileile, mji uleule. Ubongo unapopata matukio yanayofanana hivyo huelekea kuyachanganya. Mtu aliyejeruhiwa Juni akasema Mei, au aliyepoteza nyumba Mei akaihesabu katika Siku Sita, amefanya kosa ambalo mtaalamu yeyote wa kumbukumbu angelitarajia. Ofisi inayomwondoa kwenye orodha kwa kosa hilo pekee itakuwa imemwadhibu kwa kuwa na ubongo wa binadamu.

Dawa yake si ngumu. Kalenda ya watu iko wazi: mapigano ya Agosti 1999 yaliangukia Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 mwezi huo. Vita vya Siku Sita vilimalizika mkesha wa Pentekoste, ambayo mwaka huo ilikuwa Jumapili tarehe 11 Juni. Katika mji wenye Wakatoliki wengi, swali "Mama, Pentekoste mliisali wapi mwaka huo?" linaweza kupata jibu ambalo swali "Ilikuwa tarehe ngapi?" halilipati.

Arusha ilishalijua hili

Hoja hii si ngeni kwa haki za kimataifa, wala si ngeni Afrika Mashariki. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, Tanzania, ilipotoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, iliizungumzia waziwazi. Majaji walieleza kwamba mashahidi wengi walikuwa wamepitia ukatili mkubwa, kwamba baadhi walipata shida kutaja tarehe, saa, umbali na mahali kwa usahihi, na kwamba tafsiri kutoka Kinyarwanda nayo ilileta ugumu. Walikataa kuchukulia kila tofauti kuwa uongo, na walipima ushuhuda wote kwa pamoja kabla ya kutoa uamuzi.

Kama mahakama inayoweza kumfunga mtu maisha ilikubali hilo, ofisi ya fidia haina sababu ya kuwa kali kuliko mahakama.

Lakini kumbukumbu pia hudanganya

Kuna upande wa pili, na wenye kutetea waathiriwa hawapaswi kuukimbia. Kumbukumbu inaweza kupotoka bila mwenyewe kujua.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo. Walioulizwa kwa neno kali, kwamba magari "yalipobamizana", walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole. Wiki moja baadaye, wengi zaidi katika kundi la neno kali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi siku iliyofuata walikuwa wapi waliposikia habari. Waliwauliza tena baada ya takriban miaka miwili na nusu. Robo hivi ya wale 44 walikosea kila jambo kuu waliloulizwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa na majibu yao mapya. Na mwaka 2000, miezi michache baada ya makombora ya Kisangani kunyamaza, Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu inapoamshwa hulainika kwa muda na kulazimika kuhifadhiwa upya.

Zaidi ya hayo, watu wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Kijana aliyekuwa na miaka miwili mwaka 2000 anaweza kusimulia vita kwa undani na kwa machozi ya kweli. Uchungu ni wake, lakini masimulizi ni ya mama yake au kaka yake.

Kwa hiyo wanaohofia waathiriwa wa bandia wana hoja. Fedha zikiwepo, watakuja wasiostahili. Ila tarehe iliyonyooka si kinga dhidi yao, kwa sababu tapeli ndiye mwenye nafasi nzuri ya kukariri tarehe iliyoandikwa kwenye magazeti. Kinga ni kulinganisha shuhuda nyingi zilizochukuliwa mbalimbali. Mashahidi watano ambao hawakuandaliwa pamoja watatofautiana kwenye saa na rangi ya nguo, lakini watakutana kwenye kiini: nyumba ipi, nani alifia wapi, kombora lilitokea upande gani. Wakifanana neno kwa neno, hapo ndipo karani anapopaswa kuuliza zaidi.

Kwa nini Lubunga, kwa nini sasa

Lubunga ndiyo komini pekee ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto. Reli ya kwenda Ubundu huanzia huko, lakini anayetaka ofisi nyingi za mji lazima avuke mto. Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliochochewa na ardhi iliyokabidhiwa kampuni ya kilimo, uligeuka mauaji. Nyumba zilichomwa na maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda ukingo wa kulia na kulala katika maeneo ya wakimbizi wa ndani. Ghasia zilienea hadi maeneo ya Opala na Ubundu.

Kumbukumbu za Vita vya Siku Sita zina robo karne. Zimesimuliwa mara nyingi, zimechanganyika na za majirani, na wengi waliozibeba wamekwisha kufa. Za mwaka 2023 bado ziko karibu, lakini tayari kila upande unasimulia kwenye kambi, kanisani na msibani, na kila masimulizi yanazisogeza kidogo kuelekea hadithi ya kundi. Mmbole atakumbuka alichotendewa na Mlengola, Mlengola alichotendewa na Mmbole. Yaliyotendwa na upande wa mtu mwenyewe ndiyo ya kwanza kufifia. Miaka 20 kutoka sasa, ikija tume au mahakama, itakuta hadithi mbili zilizokauka kama matofali, na jirani aliyemficha jirani wa kabila jingine hatakuwemo katika hata moja.

Congo ina sheria ya Desemba 2022 kuhusu ulinzi na fidia kwa waathiriwa wa uhalifu mkubwa, na mfuko wa taifa, FONAREV, ulioundwa kwa ajili hiyo. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu. Wenye mamlaka na wenye utaalamu wako katika nchi moja, na baadhi yao katika mji huohuo.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Mtu asikilizwe peke yake, si kwa kikundi. Asimulie kwanza bila kukatizwa, kisha maswali yafuate, kama mbinu ya mahojiano iliyotungwa na Ronald Fisher na Edward Geiselman katika miaka ya 1980 inavyofundisha. Karani asiweke maneno mdomoni mwake. Asimulie kwa lugha yake, iwe Kiswahili, Lingala, Kimbole au Kilengola, na sauti irekodiwe, kwa kuwa fomu iliyojazwa kwa Kifaransa hubeba kumbukumbu ya mfasiri pia. Mahali paulizwe mwanzo, ikiwezekana kwa kuchora au kwa kwenda penyewe. Tarehe iulizwe mwisho, kwa msaada wa sikukuu, mvua, mitihani na vizazi. Ushuhuda wa kwanza utunzwe bila kuguswa, hata mtu akija baadaye na maelezo mapya.

Na jambo la mwisho ni la utu zaidi ya ushahidi. Mwathiriwa asizungushwe ofisi tano kusimulia kifo kilekile mara tano. Kila mara anafungua kidonda, na kila mara simulizi linabadilika kidogo, kisha mtu wa ofisi ya tano anamwambia maelezo yake hayalingani na ya ofisi ya kwanza. Hapo kosa si lake, ni la waliomzungusha.

Gharama ya haya yote ni ndogo ikilinganishwa na dola milioni 325. Kinachotakiwa ni vinasa sauti, makarani waliofunzwa na mtumbwi wenye injini wa kuvusha watu na vifaa. Kutoka Juni 2000 hadi hukumu ya Februari 2022 ilipita karibu miaka 22, na ilipofika siku ya kuhesabu, karatasi zilikuwa haba na wazee wengi walikuwa makaburini. Waliochomewa nyumba Lubunga wako hai, na bado wanaweza kuonyesha kwa kidole mlango ulikuwa wapi. Waulizwe sasa.